Saspensheni ya Mbele ya Pikapu: Uzito na Joto Kabla ya Kimo

Pikapu inapotoka kiwandani huwa imeshasuluhisha mahitaji yanayovutana. Mbele hubeba injini, gia na abiria, uzito ambao haubadiliki sana kutoka safari moja hadi nyingine, na nyuma huachiwa bodi inayoweza kuwa tupu asubuhi na kujazwa tani nzima jioni. Kwa hiyo wahandisi huipa nyuma springi ngumu za mabamba, na mbele huipa springi laini kiasi, zilizopimwa kwa uzito wa gari lenyewe na kwa barabara ambayo wanunuzi wake wengi hupita, yaani lami. Gari hilo likipelekwa kwenye njia za kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, au kwenye barabara ya vumbi inayoshuka Ngorongoro kuelekea Naabi na Seronera, saspensheni ya mbele ndiyo ya kwanza kulemewa, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalofika kwenye shimo kabla ya mengine, ndilo linalopokea uzito unaohamia mbele breki zinapokanyagwa, na ndilo linaloelekeza gari. Biashara ya vipuri imezoea kulijibu tatizo hili kwa kuuza kitu kinachoonekana kwa macho, nacho ni kimo: gari linyanyuliwe, lionekane limesimama. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Kazi huanza na uzito ambao gari litabeba, huendelea na namna gurudumu linavyopanda na kushuka pamoja na joto linalozalishwa na mwendo huo, na kimo huja mwisho, kwa kiasi kile tu ambacho viungo vingine vinaweza kukivumilia.

Saspensheni za mbele za pikapu zinazotumika Afrika Mashariki ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni ule wa ekseli moja imara inayounganisha magurudumu yote mawili, ambapo gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo huinama. Ukoo wa pili ni ule ambao kila gurudumu hujitegemea, likiwa limeshikwa na amu mbili, ya juu na ya chini, ambazo kwa upande wa ndani huzunguka kwenye bushi za mpira zilizofungwa kwenye chesesi, na kwa upande wa nje hushika kiungo cha gurudumu kwa boljointi, yaani tufe la chuma linalogeuka ndani ya kikombe chake. Historia ya Toyota Hilux inaonyesha namna koo hizo zilivyopokezana. Hilux ya kwanza yenye kuvuta kwa magurudumu manne, ya mwaka 1979, ilikuwa na ekseli imara na springi za mabamba mbele. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya masoko yalianza kupata magurudumu yanayojitegemea, yakibebwa na tosheni-baa, ambayo ni fimbo ndefu ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kusokotwa badala ya kukunjwa. Na kizazi cha saba, kilichozinduliwa mwaka 2004, kilileta springi za koili zilizovalishwa juu ya shokapu. Isuzu D-Max ilipita njia hiyohiyo, kwani kizazi chake cha kwanza cha mwaka 2002 kilikuwa bado na tosheni-baa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ilibaki na ekseli imara, ila mwaka 1999 mabamba ya mbele yaliondolewa katika matoleo yake ya kazi nzito na nafasi yake ikachukuliwa na koili. Tofauti hizi lazima zijulikane kabla ya spana kushikwa, kwa maana dawa inayoifaa Hilux ya koili inaweza kuiharibu Land Cruiser, na hata Hilux mbili za miaka tofauti hazitibiwi sawa.

Uzito, basi. Mwenye pikapu anayejiandaa kwa safari za porini kwa kawaida huongeza ngao ya chuma mbele, winchi, na pengine betri ya pili, vitu ambavyo kwa pamoja hufikia kilo 120 bila shida. Kilo hizo hazikai juu ya ekseli ya mbele bali mbele yake, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Hilux ya vizazi viwili vya karibuni ina umbali wa milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ikiwa kitovu cha uzito wa vitu hivyo kwa pamoja kipo milimita 900 mbele ya ekseli, nguvu ya mtaimbo huifanya ekseli ya mbele ibebe takriban kilo 155, na ekseli ya nyuma ipunguziwe kilo 35. Kila upande wa mbele hivyo hupata karibu kilo 78, sawa na newtoni 760. Kwa kuwa koili haikai penye gurudumu bali katikati ya amu ya chini, ugumu wake unaofika kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa uwiano huo: koili ya newtoni 100 kwa kila milimita, ikisukumwa kwa nusu ya mwendo wa gurudumu, hutoa newtoni 25 tu kwa milimita pale tairi linapokanyaga. Gawanya 760 kwa 25, na gari linakuwa limezama milimita 30. Kama nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya kugonga raba ya kikomo ilikuwa milimita 90, theluthi yake imekwisha kabla gari halijaondoka uani.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini springi mpya inapaswa kuchaguliwa kwa mizani na si kwa picha. Gari lipelekwe kwenye mzani likiwa na kila kitu litakachobeba, ekseli ya mbele ipimwe peke yake, kisha itafutwe koili ambayo chini ya mzigo huo italirudisha gari kwenye kimo chake cha asili au juu kidogo yake. Kosa la upande wa pili nalo ni la kawaida: mtu hununua koili nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lenye ngao na winchi, akazifunga kwenye gari lisilo na kimojawapo, na matokeo yake gari husimama juu kama linavyotakiwa, lakini gurudumu hubaki karibu na mwisho wa mwendo wake wa chini, kiasi kwamba kila shimo hulifanya tairi lining'inie hewani na kila jiwe hulitikisa gari zima.

Kinachosumbua zaidi katika eneo hili ni imani kwamba kukaza springi ni kuifanya ngumu. Shokapu nyingi za kisasa zina koleo la nyuzi, yaani pete inayozungushwa ili kuibana koili, na magari ya tosheni-baa yana boliti kubwa inayofanya kazi hiyohiyo. Fundi huzungusha, gari hupanda, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba ameongezewa nguvu. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya wake, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilishwa na koleo. Kilichobadilika ni mahali ambapo gurudumu linapumzika: limesogezwa chini, nafasi yake ya kupanda imeongezeka, na nafasi yake ya kushuka imepungua kwa kipimo kilekile. Milimita chache za marekebisho ya namna hiyo ni halali na zina faida, hasa pale upande mmoja wa gari ulipolala. Milimita 50 kwa koleo au kwa boliti ya tosheni ni kuiazima nafasi ya kushuka bila kuirudisha.

Spesa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa ili kulinyanyua gari kwa bei ndogo, ina sura mbili ambazo wanunuzi wengi hawazitofautishi. Ile inayowekwa ndani, kati ya koili na kiti chake, hufanya sawasawa na koleo. Ile inayowekwa nje, juu ya shokapu nzima pale inapofungwa kwenye chesesi, huacha mwendo wa shokapu kama ulivyo lakini huusukuma wote chini. Na kwa sababu ya uwiano wa amu uliokwisha kuelezwa, spesa ya milimita 25 hulinyanyua gari karibu milimita 50. Madhara yake huonekana kwenye ncha mbili. Gurudumu likishuka kabisa, amu ya juu inaweza kugusa koili, boljointi hufika ukingoni mwa kikombe chake, na sivijointi, kile kiungo cha shafti kinacholiwezesha gurudumu kugeuka na kuvutwa kwa wakati mmoja, hulazimika kufanya kazi katika pembe ambayo hakikutengenezewa. Gurudumu likipanda kabisa, shokapu yenyewe inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla raba ya kikomo haijaguswa, na pigo ambalo lilipaswa kumezwa na mpira humezwa na pistoni na vali. Kwa tathmini ya haki, spesa ya nje yenye unene mdogo katika gari la mjini huenda isilete balaa. Katika gari litakalopita makorongo kwa mzigo, ni kipuri kinachopaswa kuachwa dukani.

Pembe ya sivijointi inastahili kuangaliwa kwa ukaribu kwa sababu ndiyo inayoweka mpaka wa kimo katika magari ya magurudumu yanayojitegemea. Difu ya mbele imefungwa kwenye chesesi na haishuki gari linaponyanyuliwa, ilhali gurudumu hubaki ardhini. Kama shafti fupi inayoviunganisha ina urefu wa milimita 400, kunyanyua gari milimita 50 huongeza karibu nyuzi saba kwenye pembe ya kila kiungo, nyongeza inayodumu saa zote, hata kwenye lami iliyonyooka. Kava la mpira linaloifunika sivijointi hukunjika mikunjo inayosuguana, hupasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, na mlio wa kuruka-ruka unaosikika usukani unapokatwa hadi mwisho hufuata baada ya muda. Wengine huishusha difu kwa spesa ndogo kwenye viungio vyake ili kupunguza pembe hiyo, na ni njia inayosaidia kwa kiasi. Lakini nafasi iliyopatikana chini ya gari hupungua hapohapo, kwa kuwa difu ni mojawapo ya vitu vinavyogonga mawe kwanza. Ndiyo maana mafundi waangalifu husimamia kikomo cha takriban milimita 50 kwa pikapu ya aina hii, na anayetaka zaidi hushauriwa aupate urefu huo kwenye tairi kubwa kidogo, ambalo hunyanyua difu pamoja na kila kitu.

Kunyanyua hubadilisha pia pembe zinazoliongoza gari. Kemba ni kulala kwa tairi ndani au nje likitazamwa kutoka mbele. Kasta ni kulala kwa mhimili wa kugeukia gurudumu likitazamwa kutoka ubavuni, na ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Amu ya juu kwa kawaida ni fupi kuliko ya chini, hivyo gurudumu linaposhuka kulingana na chesesi huchora tao linalobadilisha kemba, na kasta nayo hupungua. Gari lenye kasta ndogo huyumba kwenye lami na humchosha dereva ambaye hujikuta akisahihisha usukani kila mara. Boliti za kurekebishia zilizoko kwenye amu ya chini zina nafasi ndogo, na zikishaisha, suluhu ni amu za juu mpya zilizotengenezwa zikiwa na pembe iliyosahihishwa na boljointi yenye mwendo mpana. Hapa fedha hutumika vizuri. Amu hizo hazileti mwonekano wowote, na pengine ndiyo sababu huachwa hadi mwisho, ilhali gari lililonyanyuliwa milimita 50 bila hizo mara nyingi haliwezi kufanyiwa alaimenti sahihi.

Shokapu, au shokomzoba kama wengine waitavyo, ndiyo sehemu ambayo barabara za vumbi huihukumu bila huruma. Springi hubeba gari na kuhifadhi nguvu ya pigo. Shokapu huigeuza nguvu hiyo kuwa joto kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu na vali za pistoni. Kwenye lami joto hilo ni dogo. Kwenye barabara yenye vituta vidogo vilivyofuatana, ambavyo hujengwa na magurudumu yenyewe kwa mwendo wao juu ya changarawe kavu, pistoni hupanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika kwa saa nyingi, na oili inaweza kupita nyuzi joto 100. Mwanafizikia Keith Mather, katika kazi yake ya mwaka 1963 kuhusu vituta hivyo, alionyesha kwamba gurudumu linalozunguka juu ya mchanga huanza kuvijenga linapovuka mwendo fulani, na utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba huzuka hata pale gurudumu lisipokuwa na springi. Hakuna saspensheni itakayovizuia visiwepo. Kilichobaki ni kuvipita.

Na kuvipita kuna hesabu yake. Vituta vikiwa na nafasi ya sentimita 70 kati ya kimoja na kingine, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa huvigonga takriban mara 12 kwa sekunde, kasi ambayo iko karibu sana na mtikisiko wa asili wa gurudumu pamoja na ekseli au amu zake. Gurudumu huitikia kwa kuruka kwa nguvu yake yote, na gari hutetemeka kana kwamba litachanguka. Kwa kilomita 60 kwa saa mapigo hufika 24 kwa sekunde, gurudumu hushindwa kuvifuata, na tairi hupita juu ya vilele. Madereva wa Serengeti na wa kaskazini mwa Kenya wanaijua nafuu hiyo kwa uzoefu, ila wanapaswa kujua bei yake pia: tairi linalogusa vilele tu lina mshiko mdogo wa kupiga breki na kukata kona, na magari mengi hupinduka katika hali hiyo. Shokapu nzuri huupunguza mruko wa gurudumu na hivyo hulifanya gari liweze kwenda taratibu bila kuumia. Faida hiyo ina uzito kuliko kimo chochote.

Shokapu za pikapu zimegawanyika katika aina mbili kuu. Ya mirija miwili ina mrija wa kazi ndani ya mrija wa akiba. Ni ya bei nafuu na jiwe likibonyeza mrija wa nje pistoni huendelea kufanya kazi, lakini joto hutoka polepole na oili ikichanganyika na gesi hutoa povu, na povu halina ukinzani. Ya mrija mmoja, ambayo Bilstein ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya Mercedes-Benz, hutenga oili na gesi ya naitrojeni kwa pistoni inayoelea, haitoi povu kwa urahisi, na joto lake hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Udhaifu wake ni kwamba ubonyeo mmoja wa jiwe unaweza kuikwamisha pistoni. Zipo pia zenye tangi la pembeni linaloongeza kiasi cha oili. Kwa gari la kazi linalokwenda mwendo wa wastani na mzigo, shokapu ya mirija miwili yenye kipenyo kikubwa kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha, na nyongeza ya bei ya tangi la pembeni ina maana kwa yule tu anayekwenda kwa kasi kwa saa nyingi kwenye vituta. La kuzingatiwa zaidi ni ulinganifu wa shokapu na springi: koili ngumu huhitaji ukinzani zaidi wakati wa kurudi, lakini ukinzani huo ukizidi, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya kituta kinachofuata, na gari huzama hatua kwa hatua hadi linakaa juu ya raba za vikomo.

Mashindano hutoa mifano ambayo mara nyingi huigwa bila kupimwa. Magari makubwa ya Baja 1000, mashindano ya jangwani nchini Meksiko yaliyoanza mwaka 1967, yana mwendo wa gurudumu la mbele unaozidi milimita 500, amu ndefu zilizotanuka nje ya bodi, na shokapu zinazofanyiwa matengenezo baada ya kila mbio. Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989 na ambayo washindani wake hutafuta njia fupi kuliko zote kati ya vituo, hudai kinyume chake: mwendo wa polepole juu ya mawe na makorongo, ambapo linalotakiwa ni gurudumu lishuke chini kabisa na liendelee kugusa ardhi, na ambapo stabilaiza, ile fimbo inayoyafunga magurudumu mawili ili gari lisilale kwenye kona, hufunguliwa ili kila upande ujiendee. Pikapu ya mtumishi wa afya au ya mfugaji haifanani na yoyote kati ya hizo. Ikifunguliwa stabilaiza yake kisha ikarudi kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa, imejitwika hatari ambayo hakuna safari inayoihitaji.

Land Cruiser yenye ekseli imara haina sivijointi zinazokaa katika pembe mbaya baada ya kunyanyuliwa, kwa kuwa difu na magurudumu hukaa kwenye mhimili mmoja daima, na hilo limeifanya ipendwe na gereji za Arusha zinazorefusha chesesi yake na kuijengea bodi za watalii. Lakini ekseli ya koili za mbele imeshikwa na amu mbili ndefu zinazorudi nyuma hadi kwenye chesesi, na gari likinyanyuliwa amu hizo huizungusha ekseli na kuondoa kasta, ugonjwa uleule uliokwisha kutajwa kwa njia nyingine. Tiba yake ni bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa kando ya kitovu. Fimbo inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia nayo huivuta upande mmoja kadiri gari linavyopanda, hivyo hubadilishwa kwa ile inayorefushwa kwa nyuzi. Usukani ukianza kutetemeka kwa nguvu baada ya kugonga shimo, wengi hukimbilia kufunga shokapu kubwa ya usukani, ambayo huficha mtetemo bila kugusa chanzo chake. Chanzo kwa kawaida ni bushi zilizolegea, tairodi iliyochoka, au beringi za ekseli.

Kabla ya ununuzi wowote, vipuri vya zamani hukaguliwa, na tairi hupimwa upepo. Pikapu inayokwama mchangani ikiwa na psi 35 mara nyingi hutoka yenyewe kwa psi 18, bila hata boliti moja kubadilishwa, mradi upepo urudishwe kabla ya lami.

Ufungaji una jambo moja ambalo hutenganisha kazi safi na kazi ya haraka. Bushi za mpira zimegandishwa kwenye mirija yake ya ndani na nje, na hufanya kazi kwa kusokotwa. Fundi akizikaza boliti za amu gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, bushi hufungwa katika hali hiyo ya kushuka, na gari likishushwa chini huwa tayari zimesokotwa hadi karibu na mwisho wake. Mpira utachanika baada ya muda mfupi, na lawama itaangukia barabara. Boliti hizo zishikwe kwa mkono tu, gari lishushwe, liyumbishwe lipate kukaa, ndipo zikazwe kwa nguvu iliyoagizwa. Mpira wa breki na waya wa ABS vikaguliwe gurudumu likiwa chini kabisa na usukani umekatwa pande zote mbili, taa za mbele zishushwe kwa kuwa gari limeinua pua yake, na boliti zote zirudiwe kukazwa baada ya kilomita mia chache za kwanza. Alaimenti ifanywe gari likiwa na mzigo litakaokwenda nao, si likiwa tupu, na karatasi ya vipimo vyake ibaki ndani ya gari pamoja na namba za vipuri vilivyofungwa, kwa sababu fundi wa Isiolo au Karatu atakayeletewa gari hilo likivuta upande mmoja hatakuwa na kingine cha kuanzia.